Muvi kuonyeshwa kabla haijatoka: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Jamani hili jambo linachanganya watu sana, mtu akisikia tu "onyesho la awali" anawaza zulia jekundu, mastaa na kamera. Huo ni uzinduzi, kitu kingine kabisa. Kuna onyesho la waandishi, kuna la kuitangaza muvi ambalo watu wanagawiwa tiketi za bure, halafu kuna la majaribio, na hili ndo lenye mambo.

Wengi wanadhani la majaribio ni kuwahi tu kuona muvi ileile. Hapana, mara nyingi unaonyeshwa kazi ambayo bado iko jikoni, muziki wameazima kwenye muvi nyingine, efekti hazijakamilika, na ikiisha unapewa karatasi ya maswali, wachache wanabakizwa pale wahojiwe zaidi.

Eti maoni ya watazamaji hayabadilishi kitu? Hapa ndo watu wanakosea kabisa! Fatal Attraction ya 1987 mwanzoni ilikuwa inaisha kwa yule mwanamke aliyechepuka na mume wa mtu kujiua, watazamaji wa majaribio hawakuridhika, ikabidi waigizaji warudishwe kupiga mwisho mpya na huo ndo tunaoujua wote. Ila msidhani basi watazamaji wako sahihi kila mara, The Magnificent Ambersons ya mwongozaji Orson Welles ilionyeshwa Pomona, California, mwezi Machi 1942, watu wakaiponda, wengine wakaicheka, studio ya RKO ikaogopa ikakata zaidi ya dakika 40 na Welles mwenyewe yuko Brazil huko anapiga kazi nyingine, na vile vipande vikaja kuharibiwa. Inaniuma kweli, maana mpaka leo hatujaiona alivyoitaka yeye.

Tiketi ya bure nayo watu wanaiona kama kiti tayari. Sio hivyo, zinatolewa nyingi kuliko viti, makusudi, kwa sababu inajulikana wengine hawatatokea, kwa hiyo wahi foleni.

Na lile la "nishaiona, naweza kuisimulia": kwa la majaribio kawaida unasaini kwamba hutasema kitu, na waandishi nao wanapewa tarehe ya kusubiri kabla ya kutoa uhakiki wao. Tena huo mwisho unaowasimulia wenzio unaweza usiwepo kabisa siku muvi ikitoka.