FIFO ni nini? Dagaa wanaotoka ziwani ili sato wa kizimba anenepe

Ukichukua mfuko wa chakula cha kuelea cha sato ukasoma nyuma, utakuta asilimia ya protini, mafuta, nyuzinyuzi, basi. Hakuna mahali pameandikwa ni dagaa kiasi gani wametoka ziwani kutengeneza huo mfuko. Hapo ndo inaingia FIFO (Fish In, Fish Out), yaani samaki walioingia ukilinganisha na waliotoka: umevua kilo ngapi ili ufuge kilo 1.

Hesabu yake siyo ngumu. Kilo 1 ya unga wa samaki inataka samaki wabichi kilo 4 hadi 5 maana sehemu kubwa ya samaki ni maji, tuchukue 4. Sasa tuseme sato wako anakula kilo 1.5 za chakula ili aongeze kilo 1 ya mwili na humo umechanganya unga wa dagaa asilimia 20, hiyo ni gramu 300 za unga, zidisha kwa 4 unapata kilo 1.2 za dagaa wabichi. Umetoa ziwani kilo 1.2 ukapata kilo 1, ziwa limepata hasara hata kama wewe umeuza vizuri. Ukipunguza unga hadi asilimia 5 inashuka mpaka gramu 300 za dagaa wabichi, FIFO yako ni 0.3.

Wengi wanaishia hapo, namba ikiwa chini ya 1 wanatangaza chakula chao hakiharibu mazingira, na mimi sikubaliani kabisa. Hiyo namba haijui ni dagaa gani wamevuliwa. Kilo 1 ya dagaa wakubwa walioshazaa na kilo 1 ya vidagaa vilivyozolewa na nyavu za macho madogo kabla havijazaa hata mara moja, kwenye FIFO zinasomeka sawasawa! Ndo maana lazima upime na hali ya samaki wenyewe, urefu wao, wangapi wamekomaa, wamebaki tani ngapi majini. Peru ndiyo yenye uvuvi mkubwa kuliko wote duniani wa samaki wa kusagwa unga, anchoveta, na mwaka 2023 walifuta msimu mzima wa kwanza kwenye eneo lao kuu kwa sababu samaki wadogo walikuwa wengi mno kwenye wavu. Kwetu Ziwa Victoria vyombo vya utafiti wa uvuvi vya nchi tatu, TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya na NaFIRRI ya Uganda, hupima wingi wa samaki kwa mitambo ya sauti chini ya maji, na Kenya hufunga uvuvi wa omena (ndo dagaa hao hao) kuanzia Aprili hadi Julai wapate nafasi ya kuzaa.

Kuna mtego mwingine kwenye kipimo cha hewa ukaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mtumbwi hauendi mbali, kisha wanakaushwa na jua, kwa hiyo mafuta yanayoungua ni kidogo na ripoti inatoka safi kabisa hata kama dagaa wenyewe wanaisha. Sangara anakula dagaa, mdiria anakula dagaa, na hesabu ya kaboni haiwaoni wote wawili.

Na binadamu je? Nenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, uangalie, dagaa wa kwenye chanja wanakauka wasafi na wanaenda sokoni kuliwa, wale wa mchangani mvua ikiwanyeshea wanageuka rangi, wanajaa mchanga, bei inaanguka na gunia linaishia kwenye kinu cha chakula cha kuku na samaki. Kwa hiyo sehemu ya dagaa wanaosagwa wangeweza kuwa mboga ya mtu kama wangeanikwa vizuri, na hili nalo linatakiwa liingie kwenye hesabu.

Soya, mashudu ya alizeti na funza wa inzi askari mweusi vinaishusha FIFO karibu na sifuri, ila soya ina hesabu yake ya ardhi na mbolea, usiifiche. Bahati nzuri sato kiasili anakula mwani, siyo mla samaki, akishakua anaenda vizuri na chakula cha mimea. Vifaranga ndo wanaotaka protini nyingi, nao wanakula kidogo tu, kwa hiyo kama ni lazima utumie dagaa waende kwa vifaranga, sato mkubwa mpe soya na mashudu.