Njia ya Mlimani Huliwa na Maji

Nimeisikia tena wiki iliyopita, katika kikao kilichoitishwa kujadili njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji katika kijiji kimoja cha miteremko ya kusini ya Kilimanjaro: kwamba njia imeharibika kwa sababu watalii wamezidi, na kwamba dawa yake ni kupunguza watalii au kumwaga zege. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuimalizia kabla msemaji hajafika katikati. Niliwaomba wajumbe watoke nje tukaitazame njia yenyewe. Ilikuwa imechimbika kufikia goti, na kule chini inakokutana na barabara palikuwa na rundo la mchanga na kokoto la kujaza matoroli kadhaa. Niliuliza ni mtalii gani aliyeubeba mchanga ule mfukoni hadi pale. Wakacheka, tukarudi ndani, na mjadala wa zege ukaendelea palepale ulipokuwa umeachwa.

Sisemi kwamba miguu haina kosa. Miguu huua majani na kushindilia udongo wa katikati, hata njia ikabonyea kama sahani. Lakini kazi ya miguu huishia karibu na hapo. Inayobaki hufanywa na mvua. Maji yakishaingia katika ule mbonyeo na kukosa mlango wa kutokea, hushuka nao, huongeza kasi, na kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo yanavyobeba punje kubwa zaidi. Njia ikishakuwa korongo watu huikimbia na kupita pembeni, na njia ya mita moja huwa ya mita nne. Anayekuja kuikagua siku ya jua huona nyayo zimetapakaa kila upande, akaandika katika ripoti yake kwamba tatizo ni nyayo.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii yangu ya kutengeneza njia za miguu ni nyepesi. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima inachokikata: kilima kikiwa na asilimia 30, njia iishie 15, kwa sababu ikizidi hapo maji huona ni rahisi kuifuata kuliko kuivuka. Juu ya hapo tunajitahidi wastani wa njia nzima usipite asilimia 10, yaani kupanda mita moja kwa kila mita kumi za kutembea. Ile njia ya Marangu, kutoka langoni mwa hifadhi kwenye mita kama 1,870 hadi kambi ya Mandara kwenye mita kama 2,700, kwa mwendo wa takribani kilomita 8, inaangukia karibu na wastani huo. Ila wastani ni shahidi mwongo. Njia inaweza kuwa na wastani mzuri kabisa huku ikiwa na mita 50 zilizosimama kama ukuta, na ni mita hizo 50 zitakazokula bajeti yako kila baada ya masika. Kupima hakuhitaji chombo cha ghali. Ile fremu ya umbo la herufi A, yenye uzi na jiwe, ambayo wakulima huitumia kupimia matuta, inatosha.

Ardhi tambarare nayo si salama kama inavyodhaniwa. Maji hayana pa kwenda, yanakaa, na matokeo yake ni tope.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi hasa, maana hapa wanaokosea ni wenzangu wa fani. Kila mwongozo unafundisha kuinamisha uso wa njia kuelekea upande wa bondeni, kwa asilimia kama 5, ili maji yavuke na kuondoka. Ni kweli, na mimi hufanya hivyo. Tatizo ni kwamba fundi huinamisha, hupiga picha, hukabidhi kazi, na huamini kwamba mwinamo ule utakuwapo mwaka wa tatu. Hautakuwapo. Watu hutembea katikati, kati hubonyea, na udongo unaosukumwa na viatu hujikusanya ukingoni upande wa bondeni mpaka ukawa tuta dogo, pengine la urefu wa vidole viwili tu. Vidole viwili hivyo vinatosha. Maji yaliyokuwa yavuke sasa yamezuiwa, yanageuka, yanafuata njia, na fundi wetu anaitwa tena kueleza kwa nini kazi yake imesombwa.

Kwa hiyo mwinamo peke yake ni ahadi ya msimu mmoja au miwili. Kinachodumu ni kuipa njia mgongo: ipande, kisha ishuke kidogo kwa hatua chache, kisha ipande tena, ili kila penye bonde hilo dogo maji yalazimike kutoka hata kama mwinamo umekufa. Hili hupangwa wakati wa kupima, kabla jembe halijagusa ardhi. Anayelisahau hulazimika baadaye kuweka mikingamo ya magogo au mawe, na hapo huingia kosa jingine: mkingamo huwekwa ukiikata njia moja kwa moja kama kizingiti cha mlango. Maji hayapigi hodi. Yanafika pale, yanapoteza kasi, yanatua mchanga wote, na baada ya mvua chache mkingamo umefukiwa na maji yanapita juu yake. Lazima ulazwe mshazari, na mdomo wake wa bondeni uzibuliwe kwa koleo kabla ya vuli na kabla ya masika. Mkingamo usio na mtu wa kuuzibua ni pambo.

Kuhusu zege nitasema machache. Maji hupita ubavuni mwake, huchimba chini yake, na bamba hubaki linaning'inia. Ngazi zina mahali pake, penye mwinuko usiokwepeka, lakini mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, anayeshuka na mzigo wa kilo 20 hatakubali kuvunja magoti yake kwenye vipandio virefu ili kumfurahisha mhandisi. Atapita pembeni, na pembeni patakuwa korongo jipya.

Yapo yanayonishinda. Ile asilimia 10 naitaja kwa sauti ya uhakika kuliko uhakika nilio nao. Katika udongo mweusi wa msituni, uliojaa majani yaliyooza, nimeona njia ya asilimia 6 ikigeuka uji, na juu kwenye mchanga wa volkano nimeona ya 18 ikikaa miaka bila mtu kuigusa. Kona za kupanda kwa kuzunguka nazo zinanitesa: nikiziweka karibukaribu, watu hukata njia ya mkato kati yake, nikizitenganisha, naongeza gharama na miti ya kukata. Nimejaribu miiba, nimejaribu mawe, nimejaribu kibao. Kibao kilikuwa cha kwanza kung'olewa.

Tena si kweli kwamba watu wa hapa hawajui mwinuko. Mifongo ya Wachagga, ile mifereji yao ya jadi, iliyapitisha maji ubavuni mwa mlima kwa kilomita nyingi, kwa mteremko mdogo unaoweza kupimwa kwa jicho la mzoefu tu. Mzee mmoja aliyewahi kusimamia mfongo alikuwa mtu pekee kikaoni aliyenielewa kabla sijamaliza sentensi. “Mwanangu,” aliniambia, “hiyo njia mmeifanya mfongo bila kujua.” Kisha nikamwonyesha mstari mpya niliopendekeza, unaozunguka kilima kwa asilimia 9, naye akaona unapita katikati ya kihamba chake, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, juu kidogo ya migomba.

Hapo ndipo kazi inapokwama. Njia ya sasa inashuka wima kwa sababu inafuata mpaka. Imebanwa na masale, mimea ya kuonyesha mpaka, ya jirani huku na masale ya jirani kule, na kuihamisha ni kugusa ardhi ya familia nne. Mzee alisema atazungumza na wanawe. Wakati tunasubiri nimeomba vijana wawili wenye makoleo, wakati wa mvua, tusimame njiani tuone maji yanaingilia wapi hasa. Kikao kimepitisha pia mifuko 30 ya saruji.