Till haina kiapo: tunayoyaamini kuhusu wauzaji wa mtandaoni Nairobi, na ukweli wake

Kapeti lile nililiona usiku, kila mtu nyumbani ameshalala. Picha ilionyesha sebule yenye kochi jeupe, na chini yake manyoya mazito ambayo kidole cha mguu kingezama kikapotea. Futi tano kwa nane, Sh4,500. "Karibu mrembo, tunaleta popote Nairobi, unalipa ukipokea."

Kesho yake jioni kijana wa boda akawa langoni kwetu Umoja, manyunyu yakianza, mzigo umezungushiwa selotepu mpaka hauonekani rangi. "Mama, lipa kwanza nikimbie, bado nina mizigo miwili ya Pipeline." Nikalipa kwa till, ile namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara. Nikaingia jikoni, nikachukua kisu, nikakata selotepu. Rangi ilikuwa ileile ya kwenye picha. Unene ulikuwa wa taulo lililofuliwa miaka mitano. Kumpigia muuzaji, simu inaita mara moja na kukatika. Kwenye WhatsApp picha yake ilikuwa imeshatoweka, maana yake nimefungiwa mlango. Kijana wa boda nilipompata alinijibu kwa upole kabisa: "Mimi ni wa kuleta tu, mama."

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimefuata kila ushauri tunaopeana. Tangu siku hiyo huwa najiuliza swali moja tu: pesa ikitoka kwenye simu yangu, mali itakuwa mikononi mwa nani, na nitakuwa nimeshaiona? Mengine mengi tunayoyatazama ni mapambo ya dukani.

"Nikilipa mzigo ukifika, siwezi kutapeliwa"

Kulipa mzigo ukifika kunakukinga na tapeli asiye na mali yoyote. Hakukukingi na yule mwenye mali mbovu. Huyu wa pili anajua kwamba mtu wa boda ana haraka na wewe unamwonea huruma anavyolowa. Selotepu nyingi nayo ina kazi yake. Kinachokulinda ni kulipa ukishafungua na kuona, na hilo likubaliwe kwenye meseji kabla boda haijatoka mjini: "Nitafungua mbele yake, nikiridhika nalipa, nisiporidhika nalipa gharama ya boda tu na mzigo unarudi." Muuzaji mkweli atanung'unika kidogo, kisha akubali. Anayesema haiwezekani amekujibu tayari.

Kuna na mchezo wa boda asiyekuwepo. Unatuma Sh300 za kuletewa mzigo. Baada ya saa moja anakupigia mtu akisema yeye ndiye mwenye pikipiki, ameshikwa na askari karibu na Roysambu, anahitaji elfu moja aachiliwe na mzigo wako. Kwa kuwa umeshatoa mia tatu, unaona heri uiokoe. Hakuna pikipiki, hakuna askari. Mtu mwenye mzigo wako akikwama kweli, muuzaji ndiye wa kumkwamua.

"Ana namba ya till, basi ni biashara iliyosajiliwa"

Hii ndiyo dhana iliyoniponza, na naona bado inawaponza wengi. M-Pesa ipo tangu 2007, na tumeizoea kiasi cha kudhani kila kilichopita ndani yake kimeshakaguliwa. Till ni njia ya kupokea malipo. Mama mboga anayo, kinyozi anayo, na tapeli naye anaweza kuwa nayo. Anayeitoa hakagui kama kapeti lina manyoya.

Hata hivyo till ina faida moja ambayo wengi tunaipita mbio: kabla malipo hayajakamilika, jina la anayelipwa hujitokeza. Lisome. Ukurasa unaitwa duka la viatu na jina lililotokea ni la kuuza vyakula vya kuku? Rudi nyuma uulize. Ukimtumia mtu kwa namba ya simu, jina lake hujitokeza vilevile. Kama dukani umekuwa ukiongea na dada, na jina lililotokea ni la mwanamume usiyemjua, na maelezo ni "hiyo ni laini ya mfanyakazi," mimi siku hizi huwa nimeshaondoka.

"Nikidanganywa, natuma meseji kwa 456 pesa irudi"

Kutuma ile meseji ya M-Pesa ya kuthibitisha malipo kwa 456 kuliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Ugomvi wa mali mbovu si kazi yake. Na hata aliyekosea namba hana hakika ya kurudishiwa: pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyepokea inaweza kuzuiliwa, ikiwa imeshatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana pesa haikai kwao hata dakika kumi. Basi ukigundua mara moja, jaribu na upige simu kwa huduma kwa wateja papo hapo, ila usiingie kwenye ununuzi ukiwa umeliegemea hilo.

Na ukiona simu inaingia muda mfupi baadaye, mtu akijitambulisha kuwa wa Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, anayetaka kukusaidia kurudisha pesa yako, tazama namba. Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000. Anayekupigia kwa namba nyingine akitaka PIN yako anakuja kumaliza kilichobaki.

"Ana wafuasi elfu themanini, tiki ya buluu, na tangazo lake naliona kila siku"

Wafuasi hununuliwa. Kurasa zenyewe hununuliwa pia: ukurasa wa umbea wa watu maarufu unakuzwa miaka mitatu, kisha unauzwa, jina linabadilishwa, asubuhi unaamka unafuata duka la simu bila kujua ulianza lini. Hapa kuna kazi ya dakika moja. Kwenye Instagram, bonyeza vidoti vitatu juu ya akaunti, kisha sehemu ya maelezo kuhusu akaunti hiyo. Mara nyingi utaona tarehe ilipoanzishwa, na kama iliwahi kubadili jina. Kurasa za Facebook nazo huonyesha majina ya zamani na nchi wanakokaa wanaoziendesha. Duka la "Nairobi CBD" linaloendeshwa kutoka nchi tatu tofauti lina maswali ya kujibu.

Tiki ya buluu, tangu 2023, Meta, wenye Facebook na Instagram, huiuza kwa malipo ya kila mwezi. Inasema mwenye akaunti ni yule anayedai kuwa. Kuhusu mali yake haisemi neno. Tangazo la kulipiwa ndilo halisemi kabisa: linasema tu kwamba mtu alikuwa na pesa ya kulipia tangazo. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mtandaoni vyote viwili vinajitembeza, hivyo methali hiyo haitusaidii sana hapa.

Ninachofanya mimi ni kuomba video. Picha ile ya kochi jeupe nilipokuja kuitafuta kwa Google Lens ilitokea kwenye maduka ya nchi za mbali, sebule ileile, kochi lilelile. Siku hizi namwambia muuzaji: andika jina langu kwenye karatasi, liweke juu ya kapeti, pitisha kamera polepole. Mwenye kapeti huchukua nusu dakika. Asiye nalo atakutumia hadithi ya simu iliyoharibika kamera.

"Tukutane mjini mchana kweupe, ataniibiaje?"

Binamu yangu alikutana na muuza simu karibu na Archives, lile jengo la nyaraka za taifa, saa saba mchana, watu wamejaa kama siku ya mechi. Simu akaishika, akaiwasha, akapiga picha, kila kitu sawa. Wakakubaliana elfu kumi na nane. Muuzaji akaitia kwenye bahasha ya khaki, "isije ikaonwa na wezi, kaka," akaibana kwapani huku binamu yangu akihangaika na PIN. Pesa ikaingia, bahasha ikatolewa, wakaagana kwa kushikana mikono. Alipofika stendi ya Tea Room akaifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha kigae kilichokatwa saizi ya simu, vizuri sana, aliyekikata ana mkono wa fundi.

Umati haukuona kitu kwa sababu hapakuwa na cha kuona. Watu wengi hukulinda na kisu, si na bahasha. Kutana mahali mnapoweza kukaa, mgahawani au ndani ya duka lenye kamera, na mali ukishaikagua isirudi tena mikononi mwake.

Kuhusu simu za mkono wa pili kuna jambo lililozuka na lipa mdogo mdogo. Simu iliyochukuliwa kwa mkopo hujifunga mkopo usipolipwa, na anayeikopa anaweza kukuuzia wewe leo kisha asilipe tena. Wiki mbili baadaye unaamka na kioo kinachokudai deni la mtu mwingine. Kwa hiyo hapo mezani weka laini yako, piga simu, bonyeza *#06# ulinganishe namba ya utambulisho wa simu itakayotokea na ya kwenye boksi, kisha mwambie airudishe simu kama ilivyotoka kiwandani mbele yako na muiunganishe na intaneti. Ya mkopo kwa kawaida huamka na programu ya aliyekopesha. iPhone yenye kufuli itadai akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Akisema hana muda wa kusubiri, na wewe huna pesa.

"Ni jukwaa kubwa, wameshawachuja wauzaji"

Majukwaa hayafanani. Jumia na Kilimall hubeba mali za wauzaji wengi tofauti, lakini malipo hupitia kwa jukwaa na kuna utaratibu wa kurudisha bidhaa. Jiji, iliyochukua nafasi ya OLX hapa Kenya mwaka 2019, PigiaMe na Marketplace ya Facebook ni kama ubao wa matangazo wa mtaani: unaona tangazo, mengine mnamalizana wawili. Ubaya huanza pale muuzaji wa jukwaa la kwanza anapokunong'oneza mtoke nje, "nilipe moja kwa moja nikupunguzie mia tano." Umetoka, kinga umeiacha ndani.

"Mali ikishauzwa hairudishwi, wameandika"

Waandike hata kwa rangi ya dhahabu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 haifutwi na kibao cha dukani wala maneno yaliyo chini ya tangazo. Madai ya hadi Sh1 milioni yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa Nairobi ilianza Milimani mwaka 2021. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Ulaghai wenyewe ni jinai: chukua namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kwenye kituo cha polisi, na laini ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, 0800 722 203, ni ya bure.

Kikwazo ni kwamba lazima umjue unayemshtaki. Mimi nina jina la till na namba iliyozimwa. Kwa hiyo jina kamili na mahali alipo muuzaji ni vya kuulizwa kabla ya kununua. "Tuko Luthuli" si anwani. Jengo gani, ghorofa ya ngapi, duka namba ngapi?

"Matapeli ni wauzaji tu"

Waulize wauzaji. Kuna wateja wanaotuma meseji ya M-Pesa waliyoitunga wenyewe kutoka namba ya kawaida, kuna wanaochukua viatu kisha wanadai pesa irudishwe eti walikosea namba, na kuna wanaoita boda hadi Rongai kisha wakazima simu. Ndiyo maana hata mkweli siku hizi huomba kitu mbele, na sioni kosa akiomba ya boda. Hiyo naituma. Ya mali inasubiri.

Juzi nimeagiza sufuria. Kijana aliyeleta alinikuta langoni na kisu cha jikoni mkononi, akashtuka kidogo. Nilipomweleza akacheka, akaushika mzigo vizuri nikate, akahesabu vifuniko pamoja nami: vitano, na kimoja kina bonde. Tukampigia muuzaji pale pale, akapunguza mia mbili, nikalipa.