Je, wajua kwa nini programu huruka kutoka 3.0 hadi 3.2?

Fungua Audacity, ile programu ya bure ya kukata na kuunganisha sauti, uingie kwenye dirisha la "kuhusu" na usome maelezo ya namna ilivyojengwa. Katikati ya majina mengi utalikuta la wxWidgets, na pembeni namba yake. Matoleo ya Audacity ya 2020 na 2021 yaliandika 3.1.3. Kijana mmoja wa Langoni, hapa Lamu, anayehariri kasida na rekodi za Maulidi kwenye laptopu kuukuu, aliiona namba hiyo, akaifuatilia historia yake mtandaoni, kisha akaja na swali: "Mwalimu, mbona hawa jamaa wana 2.8, halafu 3.0, halafu 3.2? Hii 3.1 ni ya nani, na imefikaje kwangu?"

Tuanze na hiyo wxWidgets. Ni maktaba ya zana za kujengea programu: vitufe, menyu, madirisha, visanduku vya kuandikia. Mtengenezaji anaandika msimbo wake mara moja, halafu programu inajengwa kwa mifumo ya kuendeshea kompyuta: kwa Windows, kwa macOS na kwa Linux, na kila inakofika inavaa vitufe vya huko. Julian Smart aliianza mwaka 1992 akiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Leo iko ndani ya programu kama FileZilla ya kuhamisha mafaili, KiCad ya kuchora saketi za umeme, na nyingine nyingi. Ni programu huria, yaani yeyote anaweza kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuutumia bila kulipa, na sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu wa kujitolea.

Sasa jibu. Kwa wxWidgets, namba ya kati ikiwa shufwa, toleo ni imara: 2.8, 3.0, 3.2. Ikiwa witiri, ni toleo la majaribio, ambalo bado linajengwa: 2.9, 3.1, 3.3. Kwa hiyo 3.1 haikurukwa. Ilikuwepo miaka mingi, ila haikuwa na ahadi.

Ahadi gani? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kwenye Linux, aghalabu nakala moja ya maktaba hutumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Ukisasisha maktaba, programu zote zilizojengwa zamani zinaanza kutumia nakala mpya bila hata kujua. Lakini programu iliyoandikwa kwa C++, lugha ya kuandikia programu, ikishajengwa, kuna kazi nyingi ambazo haziiti tena kwa jina. Imekariri nafasi tu. Tuseme katika orodha ya kazi za dirisha, ya sita ni kulifunga na ya saba ni kulichora. Programu yako imehifadhi: "nikitaka kuchora, niite ya saba." Anakuja mtengenezaji mwenye nia njema, anachomeka kazi mpya nafasi ya tano. Ya sita imekuwa ya saba, ya saba imekuwa ya nane. Programu yako inaomba kuchorwa, inafungwa. Hakuna msimbo uliokosewa, na mwenye programu hakugusa kitu. Kilichosogea ni foleni.

Ndiyo maana mfululizo wa shufwa hulindwa kama mboni ya jicho. Iliyojengwa na 3.2.0 lazima iendelee kufanya kazi na 3.2 zote zinazofuata, bila kujengwa upya. Humo hurekebishwa hitilafu zisizohamisha chochote. Kinachohitaji kusogeza foleni, hata kiwe kizuri namna gani, hupelekwa kwenye witiri. Mwonekano wa giza kwenye Windows, kwa mfano, ulikuja na 3.3 mwaka 2025, wala si ndani ya 3.2.

Ukishaelewa hilo, utaona kwamba kupanga matoleo yajayo hakuhusu sana orodha ya mapambo mapya. Wanachopanga hasa ni siku ya kuwaambia maelfu ya watengenezaji: ahadi ya zamani imekwisha, jengeni upya. Siku hiyo haipendezi kwa mtu, na kuahirisha ni rahisi. Toleo la 2.8 lilitoka Desemba 2006. La 3.0 likaja Novemba 2013. La 3.2 likaja Julai 2022. Mtoto aliyezaliwa 3.0 ilipotoka alikuwa amekwishazoea shule 3.2 ilipofika.

Na hapo kijana wetu anapata nusu ya pili ya jibu lake. Watengenezaji wa programu nyingine hawakuweza kungoja miaka karibu tisa, kwa hiyo wengine, Audacity wakiwemo, walijenga juu ya witiri na kuuchukua mzigo wa marekebisho wenyewe. Toleo la "majaribio" likaishia kwenye laptopu za watu wa kawaida. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo dalili ya wazi kwamba pengo limekuwa refu mno: alama ya tahadhari inapopuuzwa na watu makini, imepoteza maana.

Si uvivu uliochelewesha. Wenye maktaba kama hii hawajipangii wakati peke yao. Miezi michache tu baada ya 2.8, mwaka 2007, Apple ilitangaza kwamba Carbon, msingi wa zamani wa kujengea madirisha kwenye Mac, haungepelekwa kwenye programu za biti 64, zile za kompyuta mpya zaidi. Atakaye kuendelea ahamie Cocoa, msingi mwingine wa Apple. Sehemu yote ya Mac ikabidi iandikwe kwa namna nyingine. Juu ya hilo, 2.8 ilikuwa na miundo miwili, mmoja wa Unicode, mpango unaobeba herufi za lugha zote, na mwingine wa mtindo wa kale, na 3.0 ilikusudiwa kuiunganisha iwe mmoja. Jumlisha Microsoft yenye ratiba yake na Linux yenye mabadiliko yake, utaona orodha ya kazi ilivyorefuka.

Wapo waliochagua njia nyingine. Nahodha wa jahazi wa zamani hakungoja ngama ijae kama kaskazi inakaribia kwisha. Aling'oa nanga na shehena aliyonayo, iliyobaki ikasubiri msimu ujao. GNOME, mazingira ya madirisha na menyu ya Linux, hutoka hivyo, kila Machi na Septemba, na Qt, maktaba nyingine ya kujengea programu, nayo hulenga toleo dogo kila miezi sita hivi. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, hutoka Aprili na Oktoba, na imechelewa kwa kusudi mara moja tu ya kukumbukwa: toleo la 2006 lilisogezwa kutoka Aprili hadi Juni, ndiyo maana linaitwa 6.06. GNOME hata hesabu ya shufwa na witiri iliiacha. Baada ya 3.38, Machi 2021 ikatoka 40.

Kalenda hiyo ina gharama yake, na anayeilipa ni mwenye programu iliyojengwa juu ya maktaba. GTK, maktaba nyingine ya aina hii, ilizaliwa ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha. GTK 3 ilitoka Februari 2011. GIMP ilimaliza kuhamia GTK 3 na kutoa toleo lake la 3.0 Machi 2025, wakati GTK 4 imeshatoka tangu Desemba 2020. Programu iliyozaa maktaba haikuweza kwenda na mwendo wake.

Kwa watu wa huku, wenye mashine za mtumba, kuna jambo la kuangalia kwanza: wxWidgets 3.2 bado inakubali Windows XP, ilhali 3.3 inataka Windows 7 kwenda juu.

La pili ni wakati wa kulalamika. Lamu watu wameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na wengine sasa wanaviingiza vitabu vya maandishi hayo kwenye kompyuta, dirisha likisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Ukikuta menyu imejipanga upande usio wake au kishale kinaruka neno, waripotie wenye maktaba wakati mfululizo ungali witiri. Hitilafu ile ile ikiripotiwa baada ya shufwa kutoka, kama dawa yake inahitaji kusogeza foleni, itangoja mfululizo unaofuata.