Taimingi: distribyuta iguswe mwisho

Injini ya kabureta ikianza kukohoa, wengi hukimbilia distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ili kubadili taimingi, yaani wakati cheche inaporuka. Nati inalegezwa, inazungushwa huku na huku, sikio likiridhika inakazwa. Nami nilifanya hivyo miaka mingi. Shida ni kwamba sikio hupenda moto (cheche) uliowahi mno, maana injini isiyo na mzigo huchangamka ukiuwahisha. Panda mlima na abiria wanne ndipo utasikia inavyogonga.

Siku hizi naanza na platini, swichi ndogo ndani ya distribyuta ambayo ikifunguka cheche huruka. Pengo lake likiwa pana, hufunguka mapema na cheche huwahi. Likibana, cheche huchelewa. Ukiweka taimingi kwanza kisha ukagusa pengo, umeharibu kazi yako mwenyewe. Injini nyingi za silinda nne hutaka milimita 0.4 hadi 0.5, ila fuata kitabu cha gari.

Cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu kwa sababu mchanganyiko wa petroli na hewa haulipuki papo hapo. Unaungua, na kuungua kunataka muda. Sasa piga hesabu: kwa mizunguko 800 kwa dakika, krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) hugeuka digrii 4.8 kila milisekunde. Kwa 3,000, digrii 18. Ndiyo maana ndani ya distribyuta mna vyuma vizito vinavyotanuka kadiri mwendo unavyopanda, vikiwahisha moto zaidi.

Basi injini ipate joto kwanza. Chomoa mpira wa vakyumu unaoingia kwenye distribyuta, uzibe, kisha bana waya wa taa ya taimingi, inayomweka kila cheche inaporuka, kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza. Paka chaki alama ya puli, gurudumu la mkanda mbele ya krenkishafti, utaiona vizuri zaidi ukiimulika. Kuwahisha moto, geuza distribyuta kinyume cha mzunguko wa rota, kipande kinachozunguka ndani yake, tena kidogo sana: digrii 1 pale ni 2 za krenkishafti. Ukishakaza nati mulika tena, kwani kukaza huisogeza.

Niliwahi kuhangaika na gari lisilo na nguvu ilhali taa ilionyesha digrii 10 barabara. Kumbe puli ilikuwa na mpira katikati, ukingo wake ukateleza pamoja na alama. Sasa nikiitilia shaka alama, natoa plagi ya kwanza, natumbukiza kijiti kirefu tunduni na kugeuza injini kwa spana taratibu mpaka kijiti kikome kupanda. Hapo ndipo naiangalia alama.