Daktari wa familia si daktari aliyekosa ubingwa

Hapa Mtwara nimesikia mara nyingi: "Huyo ni wa familia tu, nipelekeni kwa bingwa." Si kweli. Udaktari wa familia, yaani kutibu watu wa rika zote na maradhi ya kila aina, wenyewe ni ubingwa kamili. Marekani waliutambua mwaka 1969, na mafunzo yake huko huchukua miaka 3 baada ya shahada ya udaktari.

Mfikirie bibi wa Tandahimba msimu wa kupuliza salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho. Anakohoa, macho mekundu. Daktari wa familia atasikiliza kifua, lakini atauliza pia: shambani ulifunika pua? Dawa za presha unameza? Na huyo mjukuu mgongoni, kadi yake ya kliniki iko wapi? Mambo yote hayo kwa kikao kimoja. Ndiyo kazi yenyewe, nami naiheshimu mno.

Ndiyo maana hafungwi na sehemu moja. Uingereza yuko kliniki ya mtaani, na wagonjwa wengi hupitia kwake kabla ya kupelekwa kwa daktari mwingine. Vijijini Kanada huzalisha wajawazito, na usiku hupokea majeruhi. Afrika Kusini utamkuta hospitali ya wilaya, hata kwenye upasuaji wa uzazi. Akija huku kwetu, hospitali ya Ndanda au Nyangao, ujuzi huo wote anakuja nao.