Tamthilia Iliyokatizwa Hurudi? Uliza Kwanza Ni Mali ya Nani

Swali hili huniandama barazani, dukani na kwenye simu: tamthilia fulani ya mambo ya anga za juu imekatizwa, hadithi imeachwa ikining'inia, je, itarudi? Waulizaji wengi ni vijana wa hapa Malindi wanaojaziwa msimu mzima kwenye flashi, wakaukesha, kisha asubuhi wakagundua kwamba shujaa aliyeachwa chomboni bila hewa hataokolewa, kwa kuwa msimu mwingine haupo. Wananiuliza mimi kwa sababu riziki yangu ni mikataba ya filamu na televisheni. Nasoma na kubishania karatasi ambazo mtazamaji hazioni kamwe. Basi nami huwarudishia swali: ni mali ya nani?

Watu hudhani stesheni inayorusha kipindi ndiyo mwenyewe. Mara nyingi sivyo. Huko Marekani, kwa desturi, studio ndiyo hugharimia utengenezaji, kisha huipa stesheni haki ya kurusha kwa ada. Ada hiyo aghalabu haifikii gharama, na pengo huzibwa baadaye kwa mauzo ya nchi za nje, marudio na diski. Watu wa bandarini watanifahamu upesi: tajiri aliyekodi jahazi akisema msimu huu sipakii mzigo, jahazi halijazama. Mwenye chombo anaweza kutafuta tajiri mwingine. Lakini mwenye chombo na mwenye mzigo wakiwa mtu mmoja, na mtu huyo ameamua kulipandisha pwani, utapiga kelele mpaka sauti ikukauke.

Tazama The Expanse, tamthilia ya anga za juu. Stesheni ya Syfy iliikatiza Mei 2018 baada ya misimu mitatu. Tamthilia yenyewe ilikuwa ya kampuni ya Alcon, na Syfy ilikuwa imenunua haki finyu mno: kuirusha kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya kawaida ndani ya Marekani, basi. Mapato ya mitandaoni hayakuwa yake. Kwa hiyo kila mtu aliyengoja akaitazama kesho yake mtandaoni, kwa Syfy alikuwa kama hakutazama. Ukiujua mkataba huo hutashangaa kwamba waliiacha tamthilia iliyokuwa ikisifiwa kila mahali. Hesabu zao hazikuwa na mahali pa kuziandika sifa hizo. Na ni mkataba huo huo mfinyu ulioiokoa. Alcon walikuwa na karatasi safi mkononi, hawakuhitaji ruhusa ya mtu. Tarehe 25 Mei 2018, wiki mbili tu baada ya habari mbaya, Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alisimama kwenye mkutano wa mambo ya anga mjini Los Angeles, waigizaji wakiwa ukumbini, akatangaza kwamba Amazon imeichukua. Ikaendelea kwa misimu mitatu zaidi hadi Januari 2022.

Mashabiki husimulia kisa hicho kana kwamba wao ndio walioshinda. Walikusanya sahihi zaidi ya 100,000, wakakodi hata ndege ivute bango juu ya ofisi za Amazon. Siwabezi. Lakini kelele zao zilisikika kwa sababu kulikuwa na mlango uliokuwa haujafungwa, na nyuma ya mlango huo mnunuzi mwenye fedha aliyekwisha kuwa na tamthilia hiyo kwenye rafu zake.

Sasa chukua Sense8, ambayo Wakenya wengi tuliipenda kwa sababu Nairobi ilikuwamo: Capheus na matatu yake yenye picha ya Van Damme, vumbi, makondakta na kila kitu. Ilirekodiwa katika miji mingi, Seoul, Mumbai, Berlin, Mexico City, na kila mji una bili yake ya hoteli, vibali, madereva na chakula cha watu mia. Netflix waliikatiza Juni 2017 baada ya misimu miwili. Hapa hapakuwa na stesheni moja na studio nyingine kando yake inayosubiri kuibeba kwenda kwingine. Netflix kwa kawaida hulipia gharama yote ya utengenezaji, huongeza faida kidogo juu, na kwa malipo hayo huchukua haki za dunia nzima kwa muda mrefu. Mtayarishaji hulala usingizi mzuri kwa sababu hana deni. Ila siku ya kukatizwa hana cha kuuza. Kelele za mashabiki zililetea Sense8 kipindi kimoja kirefu cha kufunga hadithi, Juni 2018. Mimi nahesabu hiyo kuwa maziko ya heshima. Wako wanaoiita ufufuo, tusigombane.

Ndiyo maana nikisikia tamthilia iliyotengenezwa moja kwa moja na jukwaa la kutiririsha imekatizwa, huwa sina maneno mengi ya faraja.

Kuna jambo la pili ambalo waulizaji hawalifikirii: saa. Mwigizaji wa Marekani anapoingia tamthilia mpya husaini mkataba wa miaka sita au saba, lakini hiari iko upande wa studio. Kila mwaka, kabla ya tarehe iliyoandikwa, studio lazima itamke kama inamtaka tena. Kwa stesheni kubwa tarehe iliyozoeleka kwa miaka mingi ni 30 Juni. Ikipita kimya, mwigizaji ni mtu huru. Anaweza kuchukua kazi nyingine kesho yake, na ukimtaka tena utaanza kubembelezana naye upya, safari hii yeye akijua kwamba bila yeye huna kitu. Wakati huo huo seti ziko ghalani zikilipiwa kodi. Daraja la chombo cha angani, lile lenye taa na vitufe unavyoviona kwenye skrini, ni mbao, plastiki na nyaya zinazochukua nafasi ya karakana nzima. Hakuna mhasibu atakayelipa kodi hiyo kwa ajili ya matumaini. Seti hubomolewa, vifaa hupigwa mnada. Kurudi baada ya miezi miwili ni kuwasha taa. Kurudi baada ya miaka mitatu ni kujenga nyumba upya.

Manifest, ile ya ndege iliyopotea ikarudi na abiria wasiozeeka, iliponea hapo hapo ukingoni. Stesheni ya NBC iliikatiza Juni 2021. Ilikuwa mali ya studio ya Warner Bros., na misimu yake ya mwanzo ndiyo kwanza imewekwa Netflix, ambako watu waliivamia. Tarehe ya waigizaji ilikuwa imepita, kwa hiyo mikataba ilibidi izungumzwe upya. Netflix walitangaza kuichukua tarehe 28 Agosti, kwa vipindi 20 vya kumalizia. Ndege ya hadithi hiyo ni namba 828, na Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku. Watu wa matangazo hawalali!

Hili la kuvamiwa lina uchungu kwetu. Anayetazama kwa flashi ya kujaziwa dukani hahesabiwi popote. Malindi nzima inaweza kuipenda tamthilia, na kwenye jedwali la mnunuzi tukaonekana bahari tupu.

Kelele zenyewe zina historia ndefu. Star Trek ilianza NBC mwaka 1966, na barua za watazamaji zilichangia kuipatia msimu wa tatu. Stesheni ikalazimika kutangaza hewani kwamba inarudi. Kisha ikapangiwa Ijumaa saa nne za usiku, bajeti ikapunguzwa, na mwaka 1969 ikafungwa. Kilichoirudisha hasa ni jambo lisilo na ushujaa wowote: kulikuwa na vipindi 79, idadi ya kutosha kuuzwa kwa vituo vidogo virushe marudio kila siku. Watoto wa miaka ya 1970 wakakua nayo. Filamu ikaja 1979, tamthilia mpya 1987. Jericho, iliyohusu mji mdogo baada ya mabomu ya nyuklia, haikuwa na akiba hiyo. Mashabiki waliitumia stesheni ya CBS zaidi ya tani 20 za karanga mwaka 2007, kama ishara ya kupinga, wakapewa vipindi saba, na 2008 ikakatizwa tena. Tani 20 kwa vipindi saba. Fanya hesabu mwenyewe.

Kisa kinachonikera kuliko vyote kama mtu wa karatasi ni Firefly, tamthilia ya chombo cha angani. Stesheni ya Fox iliirusha 2002, Ijumaa, tena wakaanza na kipindi ambacho sicho cha kwanza. Kile kilichoandikwa kuwatambulisha wahusika kilirushwa Desemba, mambo yalipokwisha kuharibika. Vipindi 14 vilitengenezwa, 11 vikaonekana kabla ya kufungwa. Diski zikauzwa vizuri sana, na studio ya Universal ikakubali kutengeneza filamu, Serenity, iliyotoka 2005. Mashabiki wakashangilia, na wana haki. Ila mimi naona kilichotokea mezani: tamthilia ilibaki upande wa Fox, ambao mwaka 2019 uliingia mikononi mwa Disney, na filamu ikawa upande wa Universal. Hadithi moja, wahusika wale wale, nyumba mbili. Filamu haikuvuna kwenye majumba ya sinema kiasi cha kuzaa ya pili, na ikaacha mali imegawanyika. Wakati mwingine uokoaji wa haraka hufanya ufufuo wa baadaye kuwa mgumu zaidi.

Njia nyingine ya kurudi ni kutoendeleza hadithi bali kuianza upya. Battlestar Galactica ya stesheni ya ABC, nayo ya vita vya angani, ilidumu msimu mmoja, 1978 hadi 1979. Richard Hatch, aliyeigiza Apollo, alipigania kwa miaka mingi iendelezwe pale ilipoachwa, hata akatoa fedha zake kutengeneza kionjo. Ilipokuja mwaka 2003 ilikuja na waigizaji wengine, hadithi imepinduliwa, rubani Starbuck, aliyekuwa mwanamume, amekuwa mwanamke. Hatch alikubali nafasi ndani yake, ya mfungwa wa kisiasa aitwaye Tom Zarek, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi zake bora. Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa wakati, nayo ilisimama 1989 na kurudi 2005, tena kwa BBC ile ile iliyoisimamisha, kwa hiyo ile kanuni yangu ya mwenye chombo ina tundu: mwenye mali anaweza kubadili nia, uongozi ukibadilika. Hadithi hiyo ina bahati kwamba mhusika mkuu hubadilika sura, kwa hiyo uzee wa mwigizaji si tatizo. Hata hivyo karatasi ziliwasumbua. Wale maadui mashuhuri, Dalek, haki zao ziko kwa warithi wa mwandishi Terry Nation, na mwaka 2004 mazungumzo yalivunjika hadharani kabla ya kupatana. Fikiria Doctor Who inarudi baada ya miaka 16 bila Dalek, kwa sababu ya sahihi moja.

Nilikuwa na haya yote kichwani vijana wanne waliponijia na tamthilia yao. Sisi wa Malindi hatukuazima hadithi za anga kwa mtu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni: ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Ilinyamaza 1973 na kuungua ilipoanguka kwenye angahewa 1979. Vijana hawa waliandika hadithi ya binti wa mvuvi wa Ngomeni anayenasa redioni mawimbi ya setilaiti hiyo, ingawa ilishakuwa majivu. Walirekodi vipindi sita kwa fedha zao na mashua ya kuazima. Stesheni moja ikavirusha, kisha ikanyamaza.

"Wakili, tunaweza kuendelea wenyewe?" mkubwa wao akauliza.

Nikamwambia, "Nionyeshe karatasi kwanza, mwanangu."

Ilikuwa ya kurasa mbili. Kifungu cha nne kilisema stesheni inachukua haki zote za vipindi sita vilivyorekodiwa, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, duniani kote, milele. Karatasi yenyewe haikuwa na kifungu cha marejesho, yaani kile kinachosema kwamba usipoagiza msimu mwingine ndani ya muda fulani, mali inarudi kwa mtengenezaji. Ningeandika mimi, ningeweka miezi 18. Lakini nilipokisoma tena kifungu cha nne niliona kilitaja vipindi peke yake. Wahusika hawakutajwa, wala maandishi ya msimu wa pili, ambayo kijana alikuwa nayo kwenye simu yake. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inataka uhamisho wa haki uwe kwa maandishi yenye sahihi, na ambacho hakikuandikwa siwezi kukubali kirahisi kwamba kimehama.

Stesheni inaweza kubisha, kwamba kununua vipindi ni kununua na binti aliyemo. Kwa hiyo tumewaandikia tukiwataka wathibitishe kwa barua kuwa wahusika si wao, au wataje bei ya kuturudishia vyote sita. Mpaka jibu lije nimewaambia vijana waandike watakavyo, ila wasirekodi, na wasitumie hata sekunde moja ya picha za zamani kwenye tangazo lao. Mkubwa wao ameniuliza kama wanaweza kumbadilisha binti jina tu wakaendelea. Wanaweza, kama watabadilisha na mengine mengi zaidi ya jina, na hapo ndipo watakapoamua wenyewe kama bado ni hadithi waliyotaka kuirudisha.